Mlango wa Saa ya Kula

Katika maisha yake yote Upendo hakuwahi kulala katikati ya kitanda. Kwao Kibondo, upande wa Tanzania, walizaliwa watoto tisa, na nafasi yake ilikuwa ukutani, goti la dada mgongoni na kiwiko cha mdogo wake usoni. Kwa hiyo alipopata nyumba yake ya kwanza, tena mjini Gitega, nchi ya watu, alitandika godoro jipya, akajitupa katikati, akatawanya mikono na miguu kama nguo iliyoanikwa, akacheka peke yake mpaka akajionea haya.

Nchi ya watu, nasema, lakini si watu baki. Baba yake alikuwa Mrundi aliyevuka mpaka akiwa kijana, akaoa huko, akapata uraia huko, akazikwa huko. Upendo mwenyewe ni Mtanzania wa karatasi na wa ulimi. Kirundi alikielewa kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani: hapa neno, pale neno, katikati makelele. Kilichomleta Gitega ni mapazia.

Tangu mji huo uwe makao makuu, wizara zimehamia, na wenye wizara wamehamia na madirisha. Hamadi, mwenye karakana ya kushona karibu na soko, alikuwa na oda asizoweza kuzimaliza. Siku moja alikwenda kwenye soko la mpakani kutafuta vitambaa, akamkuta Upendo akikunja marinda ya pazia kwa vidole vitupu, bila pini, huku anaongea na wateja watatu kwa mpigo. Akasimama kumwangalia. "Binti, kuja Gitega," akamwambia. "Kule madirisha iko mengi, mafundi hakuna." Kazi akampa, mshahara wakakubaliana, vibali akamsaidia kutafuta. Nyumba tu ndiyo alikataa kujihusisha nayo. "Atelier yangu haiko hoteli," alisema. "Utafute pa kulala, ndiyo uanze."

Kutafuta pa kulala Gitega siku hizi si mchezo. Nyumba ya kwanza ilikuwa imeshachukuliwa asubuhi ileile. Mwenye nyumba ya pili alimtazama Upendo kuanzia viatu mpaka kilemba, akamwuliza mume yuko wapi. Ikabaki ya Mama Shakila.

Mama Shakila alikuwa mjane wa mtaa wa Waswahili, muuza vitenge sokoni, mrefu, mwembamba, mwanamke wa maneno machache. Yeye na binti yake Shakila walikaa nyumba ya mbele. Nyuma ya ua kulikuwa na nyumba mbili ndogo za kupangisha, zinatazamana, bomba la maji katikati. Moja alikaa Amissi, dereva wa pikipiki ya abiria, na mkewe Raissa na watoto wao. Ya pili ilikuwa tupu, na sababu ya kuwa tupu Mama Shakila hakuificha.

"Nilipangisha mutu wa makelele, akanivurugia watu yangu," alisema. "Amissi na Raissa niko nao tangu wameoana. Ni watoto yangu. Sasa we, ntakujaribu mwezi moja. Mukipatana, nyumba ni yako hata uzeekee humu. Kama haiko vile, bila kugombana, utanirudishia ufunguo. Tumesikizana?"

"Tumeelewana, mama," Upendo akajibu haraka, asije yule mama akabadili mawazo. Lakini moyoni alijua uzito wa maneno yale. Bila nyumba hakuna kazi kwa Hamadi, na bila kazi ni kurudi Kibondo, ukutani mwa kitanda.

Siku ya kuhamia, Amissi ndiye aliyembebea godoro kwa pikipiki, akiwa amelikunja na kulifunga kwa mpira, Upendo akikimbia nyuma na ndoo kichwani huku mtaa mzima ukitazama. Nauli alikataa. "Voisin, jirani yako, hatumupakie kwa bei," alisema, akacheka. Alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na Upendo akampenda papo hapo kama kaka.

Nyumba ilikuwa chumba na sebule. Chumbani likaingia godoro, sebule ikabaki kutazamwa. Alinunua jiko la makaa, lile wenyewe wanaloliita mbabura, sufuria mbili na kigoda kimoja. Kwenye karakana aliokota vipande vilivyobaki kwenye oda za wakubwa, akaviunganisha, na dirisha lake dogo likavaa pazia zito la rangi ya dhahabu ambalo hata waziri angeliulizia. Akampigia simu dada yake. "Nina chumba na sebule!" "Na sebuleni kuna nini?" "Kuna nafasi," akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka salio likakata.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo alipoharibu.

Kwao Upendo sahani haikai ndani. Watu hula uani au barazani, na anayepita huitwa. "Karibu tule!" Naye hujibu, "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linamlalamikia. Basi, adabu imetimia, huyu anaendelea na tonge lake na yule anaendelea na safari yake. Usipomwita ndipo utakaposemwa wiki nzima.

Gitega akakuta mambo mengine. Ikifika saa ya kula, mlango wa Raissa unafungwa. Wa Mama Shakila unafungwa. Watoto wanaitwa ndani, sauti zinashuka, ua unabaki na kuku tu. Baada ya muda milango inafunguliwa, watu wanatoka wanajifuta midomo, wanaongea habari za mvua, kana kwamba hakuna aliyetia kitu mdomoni. Siku ya kwanza Upendo alidhani wana ibada. Siku ya pili akaanza kujiuliza. Wananificha nini hawa? Nyama? Ilipofika wiki ya pili alishaamua kwamba watu hawa hawampendi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, akaamua kuwafundisha kupendana.

Akatoa kigoda, akakiweka kizingitini, akaketi na sahani mapajani, mlango wazi nyuma yake.

"Karibuni jamani! Karibuni tule!"

Shakila, aliyekuwa anapita na beseni la nguo, akainamisha kichwa na kuongeza mwendo. Mwanamke wa mboga aliyekuwa anaingia getini akasikia, akageuka na mboga zake. Watoto wa Raissa ndio waliotii. Walikuja mbio, macho kwenye sahani, kabla mama yao hajawaita kwa sauti kali, "We! Mukuje huku!" wakarudi shingo upande. Upendo akafikiri labda hasikiki vizuri. Kesho yake akapaza sauti zaidi.

Shakila alimwambia mara moja, kwa upole, "Dada Upendo, ungefunga mlango kidogo." Upendo akaelewa nusu. Akashona pazia la mlangoni, zuri, refu, la kufagia sakafu, akala nyuma yake. Lakini alikuwa amekaanga dagaa, wale wanaowaita huko ndagala, kwa nyanya na kitunguu, na harufu ya ndagala haijawahi kuheshimu pazia. Kila aliyepita aliona kivuli cha mtu anatafuna, na kivuli kikamwita, "Karibu!"

Katika siku hizo mafuta yalikuwa yameadimika. Pikipiki ya Amissi ililala chini ya ukingo wa paa, imefunikwa gunia. Amissi mwenyewe alitoka asubuhi kwa miguu kutafuta kibarua chochote, akarudi mchana. Utani ukapungua. Upendo, ambaye macho yake yamezoea kuona uzi uliokaa vibaya kwenye kitambaa cha mita kumi, aliona kwamba mbabura ya Raissa haijatoa moshi tangu jana yake. Wema ukampanda kichwani. Akasonga ugali mkubwa, akapika ndagala zote alizokuwa nazo, akaketi kizingitini kungoja.

Amissi akaingia getini na wenzake wawili wa pikipiki, wanaongea kwa sauti ya chini. Upendo akainuka na sahani mkononi.

"Kaka Amissi! Njoo ule, kaka! Naona kwenu jiko halijawashwa tangu jana. Waite na watoto, chakula kipo!"

Wenzake wakatazama chini. Mmoja akaanza kukagua simu yake iliyokuwa imezimika. Amissi akatabasamu, tabasamu la midomo tu. "Merci, dada. Mi nimeshiba." Akaingia kwake, akafunga mlango polepole, polepole kabisa, na wale wawili wakageuka wakaondoka bila kuaga.

Na Upendo, mtoto wa watu, akafurahi. Si kasema ameshiba? Ndivyo watu wenye adabu wanavyojibu. Akaketi, akala kwa hamu.

Asubuhi alimkuta Raissa bombani. "Umeamkaje, dada?" Raissa akaondoa ndoo yake kabla haijafika nusu, akaenda zake, maji bado yanatiririka. Amissi akapita kana kwamba kwenye kizingiti kile pamesimama mti. Watoto, ambao kila siku walikuja kuomba vipande vya kitambaa, walichungulia dirishani mwao, wakavutwa ndani. Upendo akaenda kazini, akakata pazia la ofisi fupi kwa kiganja kizima, na Hamadi akamtolea uvivu mbele ya mafundi wote.

Alipotoka kazini jioni alimkuta Mama Shakila anamngoja mlangoni. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, maji ya kunywa akayakataa.

"Mwezi inaisha dimanche, si Jumapili hii ya kesho kutwa, ile ingine inafuata," alisema. "Siku hiyo ntakuja kuchukua ufunguo."

Upendo akakaa chini sakafuni. "Mama, nimekosa nini? Nilimkaribisha tu! Sikumnyima."

"Haukumunyima. Ulimuanika. Mwanaume ametoka kutafuta, hajapata, anarudi na wenzake, na we unapigia quartier, mutaa yote, kelele eti kwake hawajapika. Wale walikuwa hawajui. Sasa wanajua. Raissa analia tangu jana. Bora ungewatukana. Matusi tunazoea."

Upendo akaweka mikono kichwani. Sasa aliona, na alivyoona ndivyo uso ulivyomchoma. Alimwona tena Amissi akitabasamu, akamwona alivyofunga mlango taratibu ili asionekane ana hasira. Akainuka. "Naenda kumwomba radhi. Sasa hivi. Nitapiga magoti pale uani, mbele ya watu wote!"

"Eh, Yesu wako akusaidie, kaa chini!" Mama Shakila alimshika kanga. "Uani tena? Mbele ya watu tena? We kila ukisema unaongeza. Nyamaza kwanza, mutoto." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Asubuhi barabara zilifungwa, watu wote wakaenda kwenye kazi za umma za kila Jumamosi, Upendo naye akazibua mtaro pamoja na mtaa mzima bila mtu kumsemesha. Barabara zilipofunguliwa alipanda basi la Muyinga. Huko, katika vilima vya Giteranyi, alikuwa na shangazi yake Efrazia, dada wa baba, aliyekulia Tanzania vilevile akarudi na mumewe kulima. Alikuwa mtu pekee aliyemjua ambaye alikula chumvi ya pande zote mbili. Kutoka Muyinga mjini hakukuwa na pikipiki, kwa hiyo alipanda baiskeli ya abiria, akiwa ameng'ang'ania kiti cha mwendeshaji, na kila kilima aliteremka akasukuma, maana mwendeshaji alikuwa na umri wa baba yake na Upendo hakuwa na moyo wa kumtazama akihema.

Shangazi alisikiliza habari yote akiwa anapukuchua mahindi. Ilipofika pale pa "jiko halijawashwa" aliacha mahindi, akajishika mbavu, akacheka mpaka akaegemea lundo.

"Mtoto wa kaka yangu! Umewaita watu kula kama unaita kuku!"

"Shangazi, mimi nafukuzwa, wewe unacheka."

"Nacheka kwa sababu na mimi niliwaita. Mwaka niliorudi, nilikaa pale njiani na sufuria yangu, kila anayepita, karibu, karibu. Mlima mzima ukaniita Mama Karibu. Mpaka leo kuna vizee vinaniita hivyo." Akajifuta machozi, akarudisha uso wa kazi. "Sikiliza. Ulidhani wanafunga mlango kwa uchoyo?"

"Nilidhani wananificha nyama."

"Wanafunga kwa ajili ya anayepita na hajala. Asione, asitamani, asilazimike kusema ameshiba na wakati hajashiba. Wewe kila siku ulikuwa unawalazimisha majirani zako kusema uongo, tena kwa sauti."

"Kwa hiyo mwenye njaa anaachwa alale hivyohivyo?"

"Nani kasema? Njoo."

Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Shangazi alijaza maharage kwenye kikapu chenye mfuniko, akatandaza kitambaa juu, akakiingiza chini ya kanga yake kama mama anayeficha mtoto asipigwe na upepo. Hawakupita barabarani. Walipita nyuma, kwenye njia ya migombani, mpaka kwa jirani ambaye mumewe alikuwa mgonjwa tangu mavuno. Shangazi hakuuliza habari ya mgonjwa wala ya chakula. Alilalamika.

"Mwenzangu, panya wananimaliza! Hebu nitunzie haya maharage hapa kwako, kwangu hayatafika Jumatatu."

Yule jirani akatazama kikapu, akavuta pumzi kama mtu anayetwishwa mzigo. "Haya, lete," akasema. "Nitajaribu kuyatunza. Lakini sikuahidi." Na shangazi akamshukuru, akamshukuru tena.

Njiani kurudi Upendo hakujizuia. "Shangazi, kwako kuna paka wawili. Tena wanono. Panya gani?"

"Yeye pia anawajua paka wangu," shangazi akajibu. "Kikapu kitarudi. Kikirudi na kitu ndani, sawa. Kikirudi na maneno matamu tu, sawa vilevile." Akasimama, akamtazama. "Kesho nitakupa maharage na ndizi. Uongo utautafuta mwenyewe. Ila uwe mzuri, siyo huo wako wa kupiga kelele."

Safari nzima ya kurudi Gitega, kikapu mapajani, Upendo alikuwa anatunga uongo. Panya hawafai, nyumba ya Mama Shakila ina sakafu ya saruji na dari isiyo na tundu. Kufunga mfungo? Si Kwaresima. Ugonjwa wa tumbo? Huo utamletea Shakila na dawa. Mwenzake wa siti ya pembeni alimwona anavyosogeza midomo, akadhani anasali rozari, akamheshimu sana.

Alingoja kesho yake alasiri, saa ambayo hakuna anayepika wala anayekula. Akaficha kikapu chini ya kanga, akavuka ua, akabisha kwa kidole kimoja. Raissa akafungua upenyo wa uso tu.

"Dada Raissa," akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye sauti ya chini alikuwa hajui inapatikana wapi. "Shangazi yangu kanipa maharage ya Giteranyi. Yananishinda. Nikiyapika yanabaki mawe. Naomba unipikie, dada. Nisaidie."

Uongo ulikuwa mbaya sana. Ua mzima ulikuwa umenusa maharage yake kwa majuma, yaliyoiva mpaka yakapasuka, yenye nazi kutoka dukani na kila kitu. Raissa alimtazama usoni, akatazama kikapu, akatazama tena usoni. Hakutabasamu. Akatoa mkono, akapokea, akafunga. Upendo akabaki amesimama pale hajui kama ameshukuriwa au amefukuzwa.

Jioni ile moshi ulitoka kwa Raissa, na kesho yake pia. Lakini neno hakuna. Bombani Raissa alimwitikia salamu, basi. Amissi alipita na kichwa chake chini. Mwezi ulikuwa unaisha, na Upendo sasa alifunga mlango wake saa ya kula kama wenzake.

Hapo ndipo alipojua kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kula peke yake. Alisikia meno yake yanavyotafuna. Alisikia kijiko kikigonga sahani. Nyumba ile aliyoifurahia sana ikawa kubwa ghafla, na ugali ukawa haushuki. Akalia, tena kwa sauti, kwa kuwa mlango umefungwa na hakuna wa kumwona. Hakulilia tu nyumba. Aliwapenda watu wale. Alipenda kicheko cha Amissi kikisikika getini, alipenda vidole vya wale watoto kwenye vitambaa vyake, na aliumia kwamba ataondoka, nao watamkumbuka kama yule mgeni aliyewavua nguo.

Jumapili ikafika. Alitoka kanisani, akafunga mizigo, akapiga deki sakafu mpaka ikang'aa ili asije akasemwa na la uchafu, akaweka ufunguo juu ya kigoda katikati ya sebule. Kisha akapika ugali kidogo, akafunga mlango, akaketi sakafuni kula chakula chake cha mwisho pale.

Akasikia mlango unabishwa kwa kidole kimoja.

Alipofungua alimkuta Raissa, kikapu chini ya mtandio, watoto wamemshika sketi. Nyuma yao alisimama Amissi na benchi begani.

"Maharage yako imeiva," Raissa akasema, anatazama pembeni. "Iko mingi. We peke yako hautaweza."

"Na mi nimeleta hii," Amissi akasema. "Sebule haina kiti, mutu atakaa wapi?" Akaingia akiwa ameinama ili benchi lisigonge, akalitua, kisha akaufunga mlango kwa kisigino.

Hakuna aliyeuliza habari ya mizigo iliyofungwa wala ya ufunguo juu ya kigoda. Raissa aliutia ufunguo jicho moja, akaanza kupakua. Chini ya maharage kulikuwa na zile ndizi, zimepikwa pamoja, na mawese juu. Wakazunguka sinia moja. Upendo akaona akikaa kimya atapasuka.

"Kaka Amissi, siku ile mimi..."

"Kula, dada. Inapoa."

"Lakini nataka kusema..."

"Najua unataka kusema. We unataka kusema kila siku." Amissi akamsogezea kipande cha ndizi kikubwa kuliko vyote. "Kula."

Raissa ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakamcheza. "Eti yanabaki mawe!" akasema, na kicheko kikamponyoka. "Mama yangu! Sijawahi kuona mutu hajui kudanganya kama huyu!" Amissi akacheka kile kicheko chake cha kufika barabarani, watoto wakacheka kwa sababu baba yao anacheka, na Upendo akacheka na kulia kwa pamoja, mchuzi ukimtiririka kidevuni.

Mlango ukabishwa tena. Safari hii ni kiganja kizima.

Kicheko kikakatika. Upendo akajua ni nani. Akafuta mikono, akafungua, na Mama Shakila akaingia na baibui lake la kutokea, mkoba mkononi, mtu aliyekuja kwa shughuli. Akasimama. Akatazama mizigo ukutani. Akatazama sinia, vijiko, watoto wenye mashavu ya mawese. Mwisho macho yakatua kwa Amissi, yakakaa hapo, yakiuliza.

Amissi alisogea pembeni kwenye benchi, akamsukuma na Raissa asogee, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Mama Shakila akainama, akachukua ufunguo juu ya kigoda. Upendo akafumba macho. Alisikia hatua zikienda mlangoni, akasikia mlango unafungwa, na ufunguo unazunguka kwenye kitasa. Alipofumbua, Mama Shakila alikuwa bado ndani, ameuacha ufunguo umening'inia kitasani, anavua viatu.

Akaketi kwenye ile nafasi, akakunja mikono ya baibui lake.

"Haya, unipakulie, binti yangu," akasema. "Na usiite mutu ingine. Leo tunatosha."